Sugu ni ya Nani?

Kokulinda alikuwa na sufuria moja ya ndizi iliyomtia hasira kila asubuhi. Ilianguka siku yeye na familia yake walipohamia mtaa wa Kiseke, mdomo wake ukabonyea upande mmoja. Iliivisha ndizi vizuri tu, lakini mfuniko wake haukukaa tena. Ukiusukuma huku, unainuka kule. Kokulinda alizoea kuugombeza ule mfuniko kana kwamba una masikio.

Siku hizi hata kugombeza alikuwa ameacha. Mumewe, Muganyizi, alikuwa kibarazani akikohoa. Huyu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani Nyakato, mwanamume wa kubeba gunia peke yake. Sasa suruali yake ilishikiliwa na kamba.

Ugonjwa ulijulikana. Ni kifua kikuu, au TB kama wengi wanavyoita. Mwanzoni alipewa vidonge vyekundu, akavimeza bila kuruka hata siku moja. Kokulinda ndiye aliyemsimamia. Mkojo wa mumewe ukageuka rangi ya chungwa, kama walivyoambiwa kliniki. Kokulinda akafurahi, akajua dawa imeingia. Kumbe wapi. Kikohozi kilibaki palepale.

Kilichomchanganya zaidi ni shemeji yake, Rutashobya. Naye aliwahi kuugua TB. Alimeza vidonge vilevile, akapona, akanenepa.

"Baba mmoja, mama mmoja, dawa moja," Kokulinda alisema peke yake jikoni. "Sasa inakuwaje?"

Wakarudi kliniki. Makohozi yakapimwa upya kwa mashine. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na nesi Selina alizungumza harakaharaka.

"Mama Angela, baba ana sugu. Vidonge vya mwanzo havimsaidii tena. Anaanza dawa mpya, na wewe utaendelea kumsimamia nyumbani."

Neno sugu Kokulinda alilijua tangu utoto. Alikuwa nazo viganjani, za jembe. Mkono ukishika mpini sana, ngozi inakuwa ngumu. Mkono ukipumzika, ngozi inalainika. Basi akapiga hesabu yake. Mwili wa mume wangu umeota sugu kwa kuzoea vidonge. Nikimwongezea vingine, sugu itazidi. Anachohitaji ni kupumzika.

Hesabu ile ilikaribia kumfanya mjane.

"Baba Angela, tuache dawa kidogo," alimwambia mumewe. "Mwili uzisahau kwanza."

Muganyizi alikuwa akipata kichefuchefu kwa zile dawa mpya. Hakubisha. "Kama umeona hivyo," alisema. Dawa zikafungiwa kabatini.

Hazikukaa siku nyingi humo. Muganyizi alianza kushindwa kufika chooni bila kushika ukuta. Kokulinda akaogopa. Ampe dawa? Asimpe? Akimpa anaongeza sugu, asipompa mtu anaisha mbele ya macho yake. Alikaa jikoni akalia huku ndizi zikiungua.

Hapo ndipo nesi Selina alipobisha hodi. Alikuwa akizungukia wagonjwa wake majumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Kokulinda alifuta macho kwa kanga.

"Baba anaendeleaje na dawa?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kokulinda hakuficha. "Nimempumzisha. Wewe mwenyewe ulisema ana sugu."

 Selina akavuta kigoda, akakaa.

"Mama, nilikosea kusema. Baba hana sugu. Kijidudu cha TB ndicho sugu."

"Kijidudu kinaotaje sugu? Kina mikono?"

Selina akacheka. Akatazama jikoni, akaiona ile sufuria iliyobonyea. Akaomba aishike.

"Kila kijidudu kina vyombo vyake vidogo vya kazi. Vinaitwa protini. Tuseme kimojawapo ni hii sufuria. Kile kidonge chekundu ni mfuniko. Kinaikalia sufuria, kinabana. Kijidudu hakipiki, kinakufa."

"Nesi, mimi ninapika na mfuniko kila siku."

"Haya, mama, umenishika. Basi mfuniko uliong'ang'ania sufuria ikiwa bado tupu. Utatia wapi ndizi?"

"Hapo sawa."

"Vijidudu vinazaana sana. Kila kimoja kinarithi maelekezo ya kutengeneza vyombo vyake. Hayo ndiyo vinasaba. Mara mojamoja maelekezo yanakosewa mahali padogo. Kinazaliwa kijidudu ambacho sufuria yake imebonyea mdomo. Sasa leta mfuniko."

Kokulinda aliuleta. Akausukuma huku, ukainuka kule.

"Haukai," alisema polepole.

"Haukai. Na sufuria inapika?"

"Inapika vizuri tu."

"Ndivyo ilivyo. Dawa iliingia mwilini, ndiyo maana mkojo ulibadilika rangi. Ikamfikia mdudu, ila haikupata pa kushika. Wenzake walikufa, yeye akabaki, akazaa wanaofanana naye."

"Na shemeji Rutashobya?"

"Vijidudu vyake havikuwa vimebonyea. Ndugu ni hao wawili, mama. Vijidudu vyao si ndugu."

Kokulinda aliushika ule mfuniko muda mrefu. "Lakini mume wangu hakuruka dawa. Nilimsimamia mwenyewe."

"Hamna kosa. Inawezekana aliambukizwa vijidudu ambavyo tayari ni sugu. Dawa mpya zinashika vyombo vingine, ambavyo havijabonyea. Ila akiacha katikati, hivyo navyo vitabonyea. Twende leo, daktari amwone kabla hajaanza tena. Kichefuchefu nacho kina tiba. Na wewe na mwanao Angela mtapimwa."

Walikwenda. Daktari alimwanzisha tena Muganyizi. Kokulinda alifungua madirisha yote ya nyumba, akamsimamia mumewe kila kidonge. Palikuwa na wiki ngumu, Muganyizi akinuna na kusema bora afe. "Utakufa ukishamaliza dawa," mkewe alimjibu, naye akameza. Kikohozi kikapungua, kisha kikakata. Makohozi yakapimwa tena na tena, yakawa safi. Kokulinda na Angela hawakukutwa na TB.

Siku aliporudi kazini Nyakato, Muganyizi alivaa suruali yake na mkanda. Alikula ndizi, akaongeza. Kisha akaitazama ile sufuria.

"Nikunulie mpya?"

"Iache. Hiyo ndiyo iliyonifundisha."

Akamshika mkewe mkono kumuaga, akapapasa kiganja chake kigumu. Kokulinda akacheka.

"Hizo ndizo sugu pekee zilizobaki katika nyumba hii," alisema. "Nenda kazini, utachelewa."