Sauti Zilizolainishwa za Mtaa wa Gati

Wakazi elfu nne wa Mtaa wa Gati, jijini Mwanza, walijadili hatima ya mtaa wao kwa dakika tatu, wakakubali ubomolewe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo.

Waliojadili walikuwa pacha-sauti. Mashine nyeusi iliyosimama katikati ya ukumbi wa Mamlaka ya Ufukwe Mpya ilikuwa imemeza miaka kumi ya mazungumzo ya simu ya kila mkazi, ikamtengenezea pacha anayefikiri na kusema kama yeye. Dokta Rwegoshora, mkurugenzi, aliipenda sana. Pacha hawaji na watoto mgongoni, hawanuki samaki, wala hawaulizi swali la pili.

"Huu ndio ushirikishwaji wa wananchi," aliwaambia wageni waliokuja kutazama michoro ya minara ya vioo na treni-elea, itakayopita kando ya ziwa bila kugusa reli. Wageni hao, ambao mtaa wenyewe waliuona kupitia vioo vya magari tu, walipiga makofi.

Nyasatu Masalu, mhandisi aliyeiendesha mashine, hakupiga.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Kabula Lugiko, fundi wa kuchomelea boti, amevaa aproni yake ya ngozi, mlinzi akimfuata anahema. Karakana yake ilikuwa pale pale palipotakiwa kituo cha treni.

"Nimesikia kwamba nimekubali," alisema. "Nimekuja kujisikiliza."

Dokta akatabasamu kama anayemtazama mgonjwa. "Mhandisi, msikilizishe mama sauti yake."

"Mimi, Kabula Lugiko," ikasema mashine, kwa sauti yake hasa, hata ule mkwaruzo wa moshi, "naafiki mradi huu kwa moyo mkunjufu, kwa manufaa ya vizazi vijavyo."

"Moyo mkunjufu!" Kabula akaangua kicheko. "Tangu nizaliwe sijatamka upuuzi huo. Binti, huyu mlimuuliza mara ngapi?"

Nyasatu akainamisha kichwa. "Mara kumi na moja, mama."

"Na mara ya kwanza alisema nini?"

"Mhandisi!" Dokta akafoka.

Mara ya kwanza, pacha tisa kati ya kila kumi walikuwa wamekataa. Ndipo Dokta alipoagiza kilainishi, programu ya kuparua ubishi wa pacha kidogo kidogo mpaka wote waafiki. Nyasatu ndiye aliyeiandika, akijiambia kuwa ni hisabati tu. Sasa alifungua rekodi ya kwanza.

"Nyie watu hamna haya!" ikanguruma mashine. "Nihamie mlimani nikachomelee boti za nani, za mbuzi? Tokeni hapa!"

Kabula akatikisa kichwa kuafiki. "Huyo ndiye mimi."

Baadhi ya wageni wakacheka. Dokta hata hakutoka jasho. Aliisogelea mashine, ambayo ilikuwa imemeza na kulainisha pia sauti za wafanyakazi wake, akataja jina jingine.

"Mimi, Nyasatu Masalu," ikajibu mashine kwa upole, "naacha kazi kwa hiari yangu, nikimshukuru Dokta kwa malezi yake."

Katibu akaandika. Kisheria, kauli ya mwisho ya pacha ilitosha. Nyasatu mwenyewe alikuwa hajafumbua mdomo.

Jumatatu roboti-bomoa zikaingia kazini. Kufikia Ijumaa mtaa ulikuwa tambarare, wakazi wamepelekwa mlimani, kilomita ishirini kutoka ziwani, na Dokta amevishwa nishani.

Mwezi mmoja baadaye Nyasatu alipanda huko. Alimkuta Kabula anachomelea geti la nyumba ya mtu.

"Kuna wakili anafungua kesi, mama. Anahitaji maelezo ya watu wenyewe. Nitayaandika kwa mkono."

Kabula hakuacha kazi. "Ulijua. Mara zote kumi na moja ulijua. Ukangoja mpaka nije kupiga kelele ndipo ukumbuke una mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo-mama kama lile dude lako!"

Nyasatu hakuondoka. Alisimama juani, daftari mkononi, mpaka cheche zilipokoma. Kabula akavua kinyago. Macho yake yalikuwa mekundu, na huenda si kwa moto peke yake.

"Tangu tuje huku sijagusa boti hata moja," alisema. "Mageti tu. Watu wanajifungia, sijui wanaogopa kuibiwa nini." Akageuza ndoo, akaikalia. "Haya, uliza. Na nikisema hapana, andika hapana."