Jina la Pili la Bibi

Kila asubuhi humpikia bibi yangu, Saturnina, uji wa kinoa, nafaka ya milimani kwetu, namwekea bakuli mkononi, kisha nakimbia shule. Kijiji chetu kiko milimani juu ya mji wa Ayaviri. Macho ya bibi yalikuwa yanafifia, na hospitali ilitaka ombi la upasuaji litumwe kwa mtandao kabla mwezi haujaisha. Kompyuta ni moja tu, ya shule. Mwalimu Wilber alinikabidhi mimi kazi hiyo kwa kuwa najua kuchapa.

Kwetu kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Bibi ana moja tu, Huallpa, la mama yake, maana baba yake alimkana. Niliona aibu kuliandika peke yake, nikaongeza la babu, mumewe.

Jibu likarudi kwa maandishi mekundu: ombi limekataliwa. Chini yake: "Jina la pili la ukoo halilingani na kitambulisho." Nikafunga ukurasa upesi.

"Wamesemaje, Zenaida?" Mwalimu aliuliza.

"Limekataliwa tu, Mwalimu. Labda ni mtandao."

"Basi tuma tena."

Nilituma tena na tena kwa wiki mbili, na jina lile lile. Maskini Mwalimu akabadilisha nyaya, akaenda kumwomba bibi radhi.

Zikabaki siku mbili mwezi uishe. Nikamkuta bibi anapapasa ukuta akitafuta mlango.

"Mjukuu wangu, wamenikataa kwa sababu ya uzee?"

Nikalia, nikamwambia yote.

"Jina hilo moja limenitosha miaka sabini," akasema. "Kumbe wewe lilikuaibisha."

Nilikimbia kwa Mwalimu. Tukaacha nafasi ya jina la pili wazi, na ombi likapokelewa hapo hapo.

Bibi akapasuliwa, na jicho la kulia likapona. La kushoto, daktari alisema, lingepona kama angefika wiki mbili mapema.

Mwalimu hakunigombeza, na heri angenigombeza. "Mashine ilikuambia kosa liko wapi," alisema. "Ungeniletea maneno yake yote, tungelirekebisha siku ile ile. Ukipewa jibu, lifikishe zima, hata kama linakuumbua."

Siku hizi bibi hugeuza kichwa ndipo anione. Bakuli la uji namwekea upande wa kulia.