Blanketi la Chrispine

Kila asubuhi Celestine aliteka maji kwenye tangi la shule, akafagia pembe yao ya darasa la sita, kisha akamkorogea Dani uji. Dani ndiye nyanya yake. Ziwa lilipofurika Sindo na kuimeza nyumba yao, wao wawili walihamia hapo shuleni, na mama akaenda Masara kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu. Chrispine, mdogo wake Celestine wa miaka mitano, alichukuliwa na shangazi hadi Lambwe. Simu ya Dani ilizama, na namba zote zikaenda nayo.

Darasani mlijaa familia tisa, kelele tupu kutwa nzima, lakini Celestine alikuwa mpweke ajabu. Hakuwa hata na mtu wa kugombana naye.

Siku hiyo lori la msaada lilileta mablanketi themanini, kwa idadi ya watu ambayo mwalimu mkuu alikuwa ametuma. Dada Metrine, mhudumu wa shirika, alipita na daftari akiandikisha kila familia.

"Nyanya, mko wangapi hapa?"

"Ng'o! Watu si mbuzi wa kuhesabiwa," Dani akamkatiza. Kwake ilikuwa mwiko kutaja idadi ya watu wa nyumba yake; mtu hutajwa kwa jina lake. "Muulize mjukuu wangu. Watoto wa siku hizi ndio wenye hesabu." Akajiendea zake nje.

Celestine akafungua kinywa aseme wawili. Kusema wawili ilikuwa kama kumfuta Chrispine kabisa.

"Mimi, Dani na Chrispine," akasema.

"Chrispine yuko wapi?"

"Ameenda kucheza."

Metrine akaandika watatu.

Mchana mablanketi yakagawiwa, moja kwa kila mtu. Celestine alipewa matatu. Akaketi kando ya ukuta, akalikumbatia la tatu, na kwa kitambo kidogo akajiona ana ndugu.

Wa mwisho foleni alikuwa Mama Nyamusi, mjane mwenye kifua kibovu. Metrine akaingiza mkono ndani ya gunia, akautoa mtupu.

"Jameni, limepungua moja! Limeenda wapi?"

"Umelificha wewe!" Mogire, jirani yao, akafoka. "Tunawajua watu wa misaada!"

Watu wakaanza kunung'unika. Metrine alipekua daftari lake huku machozi yakimlengalenga. Mama Nyamusi akasema, "Basi, haidhuru," akakohoa, akageuka kwenda.

Celestine aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Alitamani kukimbia. Badala yake akasimama, akaenda mbele ya watu wote na kumpa Mama Nyamusi lile blanketi.

"Dada Metrine hajaiba. Mimi ndiye niliyedanganya. Chrispine hayuko hapa, yuko Lambwe. Nilishindwa kusema hayuko." Akaangua kilio.

Mogire akainamisha kichwa, akaomba radhi. Metrine akachutama mbele ya Celestine.

"Woi, mtoto wangu! Mbona hukuniambia? Nina daftari lingine, la watu waliotengana na jamaa zao. Nikiandika yuko hapa, nani atakwenda kumtafuta?"

Akaliandika jina la Chrispine upya, pamoja na la shangazi na la mama.

Siku nne zikapita, ndefu na kimya. Siku ya tano Metrine akaja mbio, simu mkononi.

"Celestine?" ilikuwa sauti ndogo kutoka Lambwe. "Shangazi hajui kukoroga uji kama wewe. Utakuja lini?"

Celestine akacheka na kulia kwa pamoja.

"Umeona?" Metrine akamwambia taratibu. "Uongo ulikupa blanketi tu, tena la mtu mwingine. Ukweli ndio uliotuwezesha kumpata ndugu yako. Ukiwa na shida, iseme kama ilivyo, ili wanaotaka kukusaidia wajue pa kuanzia. Mama yako naye bado tunamtafuta."

Dani akasogea, akaikaribia simu.

"Chrispine," akaita kwa jina, "umekula?"