Viazi vya Ndoo Nyekundu

Asubuhi ile soko la jumla lilikuwa limechafuka kwa kelele za wapakuzi. Mkaanga chipsi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mafuta, alikuwa akigombea gunia alipomwona binti mwenye koti la kazi na buti zenye matope. Binti alishika kiazi kimoja, anakigeuzageuza.

"Dada, unakinunua au unakiposa?"

"Natazama ukoo wake," binti akajibu bila kucheka. "Baba yake huzaa vingi vidogo, mama yake vichache vikubwa. Nataka mtoto azae vingi na vikubwa."

"Na mkwe je, hutaki?"

Hapo akacheka.

Alikuwa mtafiti wa mbegu. Mapenzi yalipokolea, akawa anamletea Mafuta viazi alivyovikataa shambani ili avikaange na kumpa majibu kwa simu.

"Mpenzi, vya leo vinanyonya mafuta kama utambi!"

"Asante, roho yangu. Nautupa ukoo mzima."

Mchana mmoja binti alifika macho mekundu kwa uchovu, akaweka ndoo nyekundu nyuma ya meza. "Niwekee hivi, nitavipitia," akasema, akaondoka akijikokota. Mafuta akajua ni vya kuonja kama kawaida. Wateja walikuwa wamejaa, akavimenya vyote.

"Malkia wangu, leo umeniua! Vikavu, vitamu!" alimpigia.

"Umebakisha vingapi?" binti akauliza.

"Hata kimoja."

"Hiyo ilikuwa mbegu, Mafuta, ya shina moja tu lililozaa vingi na vikubwa. Nimelitafuta miaka. Stoo yetu inavuja, ndiyo maana nikavileta kwako."

"Si uwaoanishe tena wazazi wale wale?"

"Wewe na kaka yako si wazazi wenu ni wale wale? Mbona yeye ana akili?"

Simu ikakatwa. Kila alipopiga tena, iliita mpaka ikachoka.

Mwishowe Mafuta alifunga kibanda, akaenda kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi binti. Alimkuta kwenye banda la nailoni, joto limetanda, mabega yamemlegea, anapaka chavua ua kwa ua kwa brashi ndogo.

"Sina la kujitetea," Mafuta akasema. "Nipe kazi."

Binti akampa brashi nyingine. Wakafanya kazi mpaka migongo ikawauma.

"Yule mtoto wa ndoo nyekundu harudi," binti akasema.

"Najua."

"Huenda akaja mwingine. Huenda asije kabisa." Akaegemea nguzo. "Nimechoka, Mafuta."

"Hata mimi. Tuoane basi, tuwe tunachokea nyumba moja."

Binti hakutabasamu. Alimshika kifundo cha mkono, akauteremsha mkono taratibu.

"Punguza nguvu, unamwaga chavua." Akaacha mkono wake palepale. "Jumapili njoo uongee na mama. Ila jikoni kwake usiingie."