Picha ya Nane Kutoka Uru

Mimi ni fundi nguo. Nashonea barazani Rau, nje kidogo ya mji wa Moshi, na Julai ile nilikuwa na oda ya sare za shule mpaka vidole vinauma. Ilikuwa Jumanne. Baridi, wingu limekaa mlimani tangu asubuhi, watu wanapita na masweta.

Mlango wa pili kutoka kwangu walipanga Amon na mkewe Joyness. Amon alikuwa mpiga picha, mtu wa Uru, huko juu mlimani. Joyness alizaliwa kwenye kambi ya mashamba ya miwa kule tambarare. Baba yake alitoka Singida kuja kukata miwa, akabaki. Kichagga Joyness hakujua hata neno moja. Wakwe zake hakuwahi kuwaona, maana Amon alimwambia wazazi wake wote wawili wameshafariki.

Kamera ya Amon ilikuwa ndogo, ya kushikwa kiganjani, na ilikuwa na lenzi mbili zilizotuna kama macho ya samaki. Moja inatazama mbele, nyingine nyuma. Kila moja inaona nusu ya chumba na kidogo zaidi, kwa hiyo kingo zao zinaingiliana. Ukiziingiza zile picha mbili za duara kwenye kompyuta, zinaunganishwa na unapata chumba kizima, unakizungusha kwa kidole mpaka unarudi ulipoanzia. Hoteli za watalii zilimtafuta sana kwa kazi hiyo.

"Ukifungua tu faili, programu inaunga yenyewe," Joyness aliwahi kunieleza. "Shida ni kwenye kiungo. Mtu akisimama pale anaweza kukatwa katikati. Hapo ndipo narekebisha kwa mkono."

Nilimwelewa vizuri. Maua ya kitenge yasipokutana kwenye mshono, mteja anakurudishia gauni.

Amon mwenyewe ndiye aliyemfundisha, jioni kwa jioni, tangu wiki waliyooana. Anamshika mkono juu ya kipanya, wanacheka. Sisi wanawake wa pale tulikuwa tunasema, mtoto wa watu amepata mume.

Jumanne hiyo nilikwenda kwao kuazima pasi. Nikamkuta Amon anaweka kadi ya kamera mezani. Alisema ni picha za nyumba ya mteja huko Uru. Mwenyewe yuko ng'ambo, ana hamu ya kuiona nyumba ya kwao.

"Ziko nane," alimwambia mkewe. "Utaziunga wewe peke yako. Usiruke hata moja."

Joyness alifurahi. Hajawahi kuachiwa kazi nzima. Hakuona kwamba mumewe alipoiwasha ile kompyuta alikuwa ameangalia pembeni. Mimi niliona. Akabeba begi, akasema anakwenda Arusha, atarudi kesho yake.

Saa nane mchana Joyness aliniita.

"Dada Dominika, hebu njoo mara moja."

Picha ya kwanza ilikuwa ya chumba cha kulala. Kwenye duara moja, pembeni kabisa, kulikuwa na bega la mwanamke. Kwenye duara la pili, bega lake jingine. Zilipounganishwa akawa mtu mzima. Alikuwa amesimama anatazama ukuta, katupa mgongo.

Mimi jicho langu lilikwenda kwenye gauni. Mishono ilikuwa nje. Alikuwa amelivaa nje ndani, na nyuzi zinaning'inia kiunoni.

Joyness aliona kingine. "Mume wangu alikuwa chumbani na mwanamke," alisema kwa sauti ndogo.

Akafungua ya pili. Ukumbi mwembamba wa ndani ya nyumba. Mwanamke yule yumo, kwenye kiungo palepale. Ya tatu, sebuleni. Yumo. Ya nne jikoni, ya tano barazani, ya sita uani, ya saba kwenye migomba. Kila picha amegeuka kidogo zaidi. Sebuleni niliona sikio lake. Barazani niliona shavu. Kwenye migomba niliona jicho moja.

"Anatoka nje," nikasema. Sijui kwa nini nilinong'ona.

Joyness akarudi kwenye picha ya kwanza. Kitanda kipo. Ukuta upo. Mwanamke hayupo.

"Umemfuta?"

"Sijagusa kitu, dada."

Ya pili, hayupo. Ya tatu, hayupo. Kila chumba tulichokwisha kukiunga, alikuwa ameshakiacha.

Joyness akampigia mumewe, akaweka sauti ya nje.

"Amon, huyu mwanamke ni nani?"

Nilisikia anavyopumua.

"Amegeuka?" akauliza.

"Nakuuliza ni nani!"

"Umefika ya ngapi?"

"Ya saba."

"Malizia tu, mke wangu. Imebaki moja."

Akakata.

Joyness hakuifungua ya nane. Alilala kwangu, wivu unamchoma, hajui bado kwamba wivu ulikuwa jambo dogo.

Asubuhi alimwonyesha Jacob, dereva wetu wa bodaboda, ile picha ya tano, ya barazani, kwenye simu. Alitaka tu kujua kama anaifahamu hiyo nyumba.

"Si kwa kina Amon hapa?" Jacob akasema. "Mama yake nampelekea pumba za ng'ombe kila Jumamosi."

Joyness alimtazama kama hajasikia. "Mama yake nani?"

"Amon. Mumeo."

Jacob alitupakia wote wawili pikipiki moja, tukapanda Uru. Huko juu ukungu ulikuwa haujaondoka. Tulimkuta mama mzee uani, amekaa kwenye kigoda anachambua kahawa kwenye ungo. Jina lake Zita. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamwangalia Joyness kuanzia miguuni mpaka usoni. Akaniuliza kwa Kichagga: ndiye huyu anayeunga?

Nilishindwa kumtafsiria Joyness. Mama mwenyewe akageukia Kiswahili.

"Wewe ndiye mke wa mjini. Keti, mwanangu."

"Shikamoo mama. Niliambiwa umefariki."

"Marahaba. Najua. Alinikataza nisikanyage kwenu."

Akatuambia. Amon alikuwa na mke wa kwanza, wa ndoa ya kanisani, anaitwa Tereza. Miaka minne iliyopita alikuwa na mimba ya miezi minane, akaanza kuumwa. Mama Zita mwenyewe alikuwa ameshuka mpaka mji mdogo wa Kwa Sadala kumuuguza binti yake. Amon akamfungia Tereza mlango wa chumba kwa nje ili asihangaike kutoka, akamwambia anakwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Njiani akapigiwa simu na watalii waliotaka video ya kupanda mlima. Akapanda nao. Siku nne.

"Majirani hawakusikia?" niliuliza.

"Mvua ilikuwa kubwa. Niliporudi mimi ndiye niliyefungua." Aliacha kuchambua. "Kucha zake zilikuwa zimebaki mlangoni. Na gauni alikuwa amelivaa nje ndani. Nadhani alivaa gizani, kwa haraka, akidhani amesikia gari."

Joyness aliutazama mlango wa nyumba.

"Tangu hapo," mama akaendelea, "kila picha anayopiga Amon, mwenyewe anamwona Tereza humo. Lakini nusu. Nusu ya uso, nusu ya mwili. Akahama, Tereza akamfuata. Akaenda kwa mganga mmoja wa tambarare, akaambiwa amrudie humu ndani, ampige picha hatua kwa hatua mpaka getini, halafu mtu mwingine amuunge. Huyo atakayemkamilisha, ndiye Tereza atakayemfuata. Amon atakuwa huru."

"Kwa nini mimi?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema wa huku wote wanajua, hawezi kupata wa kukubali. Akasema anatafuta wa mbali, asiye na mtu huku, amwoe, amfundishe kazi."

Hapo ndipo nilipomwona Joyness anavunjika. Hakulia. Alikunja mikono yake miwili, ile iliyoshikwa juu ya kipanya jioni zote zile, akaificha kwapani kana kwamba imechafuka.

"Kila siku aliyonifundisha," alisema. "Kila siku, mama. Alikuwa anajua."

"Umeunga ngapi?"

"Saba."

"Basi usiguse ya nane."

Mama alituonyesha kaburi la Tereza, aliyezikwa na mtoto wake tumboni, nyuma ya nyumba, limezungushiwa masale, ile mimea tunayopanda makaburini. Joyness alisimama mbele yake muda mrefu. Nilisikia maneno machache tu. "Dada, mimi sikujua. Mimi pia amenidanganya." Jani la mgomba lilikuwa linadondosha maji. Upepo haukuwepo.

Tulifika Rau saa tisa. Amon alikuwa amesharudi, amekaa kizingitini kwao, hataki kuingia ndani peke yake. Alipotuona akasimama.

"Umemaliza?" Hata salamu hakutoa.

Nilidhani Joyness angemrukia. Nilidhani angepiga kelele majirani waje. Alimwangalia tu.

"Nimemaliza," akasema.

Mpaka leo sijamuuliza kama alikusudia. Na yeye hajaniambia.

Amon alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Machozi yakamtoka. Alitaka kumshika mkewe mkono, Joyness akaurudisha nyuma. Hakujali. Aliingia ndani mbio, akaketi kwenye kompyuta. Sisi tulibaki mlangoni.

Akafungua ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Alianza kucheka. Alizungusha sebule nzima, hakuna mtu. Jikoni, hakuna. Alizipitia mpaka ya saba, kicheko kinapanda.

"Ameondoka," alisema. "Mungu wangu, ameondoka."

Akabofya ya nane.

Niliyaona yale maduara mawili yakisogeleana. Sekunde tatu, nne. Yakaungana.

Ilikuwa picha ya geti na njia ya kushukia mjini. Nakuapia, mimi niliona geti na njia, basi. Joyness naye anasema hivyo hivyo. Lakini Amon alikuwa ameacha kucheka. Shingo yake ilisogea taratibu, kama anayemfuata mtu kwa macho. Kutoka kwenye kioo. Kupita mezani. Mpaka pembeni yake.

"Tereza," akasema.

Akatega sikio.

"Gari lilichelewa."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya meza, akainuka. Alipita katikati yetu mlangoni. Aliupinda mkono wa kushoto kama aliyeshikwa kiwikoni, na tulilazimika kusogea zaidi kuliko upana wa mtu mmoja. Sijui kwa nini tulisogea. Tulisogea.

Ilikuwa saa kumi jioni, mchana kabisa, watu wanamwona. Jacob alimpita kwenye barabara ya Uru, akamwita, hakuitika. Anasema alikuwa anatembea ukingoni, katikati ameacha nafasi, na anaongea kwa upole.

Mama Zita alimwona akiingia kile chumba cha kulala na kujifungia kwa ndani. Alimgongea mpaka giza. Kesho yake vijana walivunja mlango mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nondo za dirisha zilikuwa nzima. Chumbani hakukuwa na mtu. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Ni mwaka wa pili huu, Amon hajaonekana.

Joyness alirudi kwa wazazi wake kwenye mashamba ya miwa. Anauza maandazi asubuhi. Ukimpigia anaongea vizuri, ila hakubali kupigwa picha, hata ya kitambulisho. Kompyuta aliniachia nimpe yeyote. Hakuna aliyeitaka.

Wiki aliyoondoka Joyness, mwenye nyumba aliniomba nikisafishe kile chumba chao apangishe tena. Nilifungua mlango asubuhi, na ndoo mkononi. Sakafu ilikuwa kavu, ya saruji, hakuna aliyeingia siku sita. Katikati ya chumba kulikuwa na nyayo za udongo mwekundu, ule wa mlimani. Mbichi. Hazikuanzia mlangoni. Zilianzia pale kiti kilipokuwa, zikaenda moja kwa moja mpaka kizingitini, na hapo zikaisha.

Zilikuwa za mtu mzima mwanamke, pekupeku. Ubavuni mwake zilikwenda nyingine, ndogo.

Nilivua utepe wa kupimia shingoni, nikapiga magoti, nikazipima zile ndogo. Inchi sita na nusu. Nimeshonea watoto wa watu kwa miaka ishirini, umri wao naujua kwa kuwatazama tu. Huyo alikuwa wa miaka minne.