Neno "Hospitali" Nililipiga Marufuku Mimi Mwenyewe

Nina miaka sabini na nane, mjane, naishi Kamachumu, Muleba. Shule niliishia darasa la nne. Lakini majina ya watu sisahau... wala kosa langu hili sitalisahau.

Mwanangu wa pekee, Fortunatus, alikwenda ng'ambo kufanya kazi. Masikio yangu ni mabovu, simu sisikii. Basi akawa ananiandikia barua pepe kupitia Devota, mjukuu wa marehemu dada yangu, mwenye duka la kuchapa pale senta. Devota anachapa, ananisomea, nami naweka karatasi kwenye kopo la biskuti.

Siku moja ikaja barua ya mtu tusiyemjua. Fortunatus kavunjika mgongo, yuko hospitali, tumeni pesa haraka! Nililia mpaka uwanja ukajaa watu. Jirani yangu Yustina akazimia.

Kumbe matapeli! Fortunatus alikuwa mzima, yuko kazini. Watu wakanicheka. Shemeji yangu Laurian kila akipita: "Shemeji, mgongo umeunga?"

Aibu ile! Nikamwambia Devota aizuie kila barua yenye neno hospitali, ugonjwa au haraka. Akasema, "Bibi, mashine haina macho. Itatupa hata za kweli."

"Zitupe! Na namba ngeni za ng'ambo usipokee!"

Akatii. Angefanyaje? Mimi ndiye niliyemlea.

Haukupita muda, barua za Fortunatus zikakatika. Devota akaandika kuuliza... kimya. Akaandika tena... kimya.

Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ukafika. Kila mwaka nilimkaangia fungu lake, nikatafuta msafiri wa kumpelekea. Mwaka ule fungu lake nilimpa Laurian, nikatamka mbele za watu: "Fortunatus kwangu amekufa!" Ee Mungu, mdomo huu!

Kabla senene hawajaisha, katekista Pastory akaniletea mgeni, Alphonce, aliyekuwa akiishi na mwanangu huko. Amebeba begi la Fortunatus. Akapiga magoti.

"Pole, mama. Tulikuandikia. Hukujibu."

"Pole ya nini, baba?"

Akalia, akaniwekea begi mapajani.

Devota alikimbilia dukani, akafungua sanduku la takataka kwenye kompyuta. Barua saba! Mwanangu alikuwa hospitali, figo zimekufa. Simu yake iliibiwa, anwani yake haikufunguka tena, za Devota hakuziona; akawa anaandika kwa anwani ya wauguzi na kupiga kwa simu yao, hatupokei. Barua ya saba iliandikwa na wenzake: Fortunatus amefariki. Walikuwa tayari kumleta nyumbani, walingoja neno langu tu, wakaomba niwajibu haraka. Walingoja... wakachoka... wakamzika huko huko.

Sisi mtu wetu akifa hulala kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwake. Nafasi ya Fortunatus ipo, kando ya baba yake Sylvester. Naipalilia. Nampalilia nani?

Laurian haulizi tena habari za mgongo. Akipita anavua kofia.

Wazazi wenzangu, matapeli wapo, nawajua! Lakini usizibe mlango wote kwa ajili ya mwizi, mwanao atapitia wapi? Nawasihi, kila wiki mwambieni kijana wenu afungue lile sanduku, awasomee moja moja, hata za uongo. Afadhali kuchekwa. Mimi nilichekwa, sikufa.

Zote saba Devota amenichapia. Ya sita, ya mwisho kwa mkono wake Fortunatus, ni fupi: "Mama, hapa hospitali wenzangu wote wanapata barua. Nimekukosea nini?"

Nimjibu wapi, jamani?