Maneno ya Kusema Dirishani

Msusi alisukia nywele katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na kiti kimoja, kioo, na ndoano ya kutundikia rasta. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ilikuwa mtaa wa pili. Jiko lilikuwa la mama mkwe, na mama mkwe hakupenda mtu aguse mwiko wake.

Asubuhi vidole vya Msusi vilikimbia. Alasiri mambo yaligeuka. Mikono ilimlegea katikati ya msuko, kope zikashuka, sauti ikatokea puani. Kibaya zaidi, tabasamu lake lilipinda. Alitaka kumchekea mteja, mdomo ukajibenua kama wa mtu mwenye dharau. Mteja mmoja aliondoka na nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima. Alisema hawezi kutoa pesa yake halafu abenuliwe mdomo juu.

Mtaa haukosi madaktari. Wapo waliosema anakunywa. Wapo waliosema ni maringo. Mama mkwe naye alikuwa na lake. Jioni Msusi alitafuna kidogo, akapumzika, akapaliwa, akasukuma sahani. Mama mkwe aliona anadharauliwa chakula chake mchana kweupe. Alianza kumtengea sahani kwa kishindo.

Walizunguka hospitali kwa muda mrefu. Mwishowe daktari mmoja wa hospitali kubwa akaujua ugonjwa. Alisema ni ugonjwa adimu wa misuli. Kinga ya mwili, badala ya kulinda, inashambulia mahali neva zinapoipa misuli amri. Misuli ikitumika inachoka upesi. Ikipumzishwa, inapata nguvu kidogo. Hauambukizi. Zipo dawa za kuutuliza, ila haziuondoi kabisa. Tena akaonya: baadhi ya dawa za kawaida, hata za kifua, zinaweza kuuchochea mpaka mtu ashindwe kupumua.

Walipofika nyumbani, Fundi alifunga mlango.

"Hili libaki humu ndani," alisema. "Mtaa ukijua, nani atakaa kwenye kiti chako?"

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda mkewe, na aliogopa. Lakini woga wa mtu mwema unaweza kuua sawasawa na ubaya.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyewaambia kuhusu kikundi. Watu wenye ugonjwa huo hukutana Jumamosi asubuhi, kabla nguvu hazijawaisha, katika chumba cha nyuma ya kliniki. Fundi alikataa kwenda. Alisema mgonjwa mmoja anamtosha. Mama mkwe akajifunga khanga, akasema atampeleka yeye. Kusema kweli, alitaka kuona kama kuna mtu mwingine duniani anayepaliwa na uji.

Alimkuta. Alikuwa dereva wa lori aliyeacha kazi kwa sababu aliona barabara moja kuwa mbili. Kope moja ameishikiza kwa plasta. Alikunywa uji kidogo kidogo, kidevu chini, akipumzika kila baada ya funda. Mama mkwe alimtazama mpaka kikombe kikaisha. Alizikumbuka zile sahani, akaona aibu.

Kisha Dereva akasema mzaha, watu wote wakacheka. Midomo yote ikajibenua. Msusi aliitazama, machozi yakamtoka.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," alisema.

"Sote tulidhani hivyo," Dereva alimjibu.

Mama mkwe aliuliza kuhusu vidonge. Nyumbani kwake dawa haiendi kwenye tumbo tupu, kwa hiyo Msusi alimeza baada ya kula. Dereva alisema yeye humeza kidonge kwanza, akala kikishaanza kufanya kazi, ndipo koo linapomtii. "Lakini saa zenu mwulizeni daktari, mama. Mimi nilikuwa naendesha lori." Walimwuliza daktari, akabadilisha saa. Msusi akaanza kumaliza sahani ya chakula laini, na kishindo kikaisha.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kabla ya kuagana, kila mtu, mgonjwa na aliyemsindikiza, alisimama na kusema kwa sauti: "Kuna ugonjwa adimu wa misuli. Kuna dawa zinazoweza kuzuia pumzi. Mpigieni daktari kwanza." Mama mkwe aliyasema akiangalia sakafu. Wakamwambia arudie, macho mbele. Akayasema tena.

Wa mwisho alikuwa kinyozi mmoja asiye mgonjwa. Dada yake alikuwa mwanakikundi. Dada alipata kikohozi, na siku hiyo sauti ilikuwa imemwisha. Kinyozi alimpeleka kwenye dirisha la duka la dawa.

"Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wateja wangu," alisema. "Niliona haya. Nikaomba dawa ya kifua tu. Tulimzika wiki ile."

Mama mkwe alimpelekea mwanawe habari hiyo kama ilivyo, pamoja na maneno ya kikundi. Fundi akamwambia asimletee misiba ya watu nyumbani.

"Mwanangu," mama alimjibu, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

Msimu wa baridi Msusi akashikwa na kikohozi. Asubuhi moja hakuweza hata kuita. Fundi alimshika mkono mpaka dirisha la duka la dawa. Nyuma yao alisimama mteja yule wa nusu kichwa, na majirani wengine. Muuzaji aliuliza shida ni nini. Fundi akasema kifua. Muuzaji akanyoosha mkono kwenye rafu, akauliza kama mgonjwa ana tatizo lingine.

Fundi alimtazama mkewe. Kope zimefunga, kifua kinapanda kwa shida.

"Ana ugonjwa adimu wa misuli," alisema, na sauti ikapanda yenyewe. "Kuna dawa zinazoweza kumzuia kupumua. Mpigieni daktari wake kwanza."

Muuzaji akarudisha boksi kwenye rafu, akashika simu. Daktari alisema aletwe hospitali papo hapo. Mteja yule ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Kwa siku kadhaa mashine ilimpumulia Msusi. Wodini walisema angechelewa kidogo tu, wasingemkuta hai.

Alirudi nyumbani, ila hakupona. Siku hizi husuka asubuhi tu, na kichwa kimoja humalizwa kwa siku mbili. Wateja wengine hawakurudi. Waliobaki huambiwa na mama mkwe mlangoni, "Hakubenui mdomo, mwanangu. Anakuchekea."

Jumamosi ya kwanza baada ya Msusi kutoka hospitali, Fundi alikwenda kikundini. Kinyozi alisogea kumpisha kwenye benchi, akamwuliza ilikuwaje pale dirishani.

"Palikuwa na foleni," Fundi alisema. "Nikayasema."

"Wakafanya nini?"

"Hawakufanya kitu. Mmoja alitafuta gari."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Zamu yake ya kusimama ilipofika, alikiinua.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," alisema.

Kisha akasimama, akayasema.